Nishani ya Lenin na Tatizo la Sifa Isiyojibiwa

1. Utangulizi

Tarehe 6 Aprili 1930 Umoja wa Kisovieti uliunda Nishani ya Lenin na kuiweka juu ya nishani nyingine zote za nchi hiyo. Kwa muda wa miaka 61, hadi dola yenyewe ilipovunjika mwezi wa Desemba 1991, nishani hiyo ilitolewa zaidi ya mara 430,000. Waliipokea wachimba makaa na marubani, wakulima na majemadari, wanamuziki na wanasayansi. Zikaipokea pia taasisi, maana wa kwanza kabisa kutunukiwa hakuwa mtu bali gazeti la vijana, Komsomolskaya Pravda, mwezi wa Mei 1930. Anayekutana na hesabu hiyo kwa mara ya kwanza hujiuliza: kitu kilichotolewa mara nyingi kiasi hicho kiliwezaje kuitwa cha juu kabisa?

Jibu lililozoeleka ni kwamba wingi uliishusha thamani. Nishani, kwa mujibu wa jibu hilo, ni kama fedha: serikali ikizidi kuchapa noti, noti hazinunui kitu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Nishani si bidhaa tu. Ni utungo wa sifa ulioandikwa kwa madini. Kwa sababu hiyo inafaa ihakikiwe kama tungo nyingine za sifa zinavyohakikiwa, yaani kwa kuangalia fanani, msifiwa na hadhira. Tukiifuata njia hiyo, tutaona kwamba kilichoidhoofisha Nishani ya Lenin si wingi wake, bali ni hali ya hadhira kunyimwa haki ya kujibu.

Ni vema kueleza kwanza ngazi zilivyopangwa. Nishani ya Lenin ilikuwa nishani ya juu kabisa. Mwaka 1934 kiliongezwa cheo cha Shujaa wa Umoja wa Kisovieti, na mwaka 1938 cheo cha Shujaa wa Kazi ya Kijamaa. Aliyepewa kimojawapo alivikwa pia Nishani ya Lenin. Tarehe 8 Novemba 1943, katikati ya vita, iliundwa Nishani ya Ushindi kwa ajili ya makamanda wakuu wa jeshi peke yao. Mifano ya makala haya inatoka katika ngazi hizo za juu, kwa kuwa zilihusiana na zilifuata kanuni moja.

2. Mapinduzi yaliyofuta heshima na kuzirudisha

Mapinduzi ya mwaka 1917 yalianza kwa kuzikana heshima za aina hii. Mwezi wa Novemba 1917 serikali mpya ilifuta matabaka na vyeo vya kiraia. Mwezi uliofuata ikafuta vyeo vya jeshi pamoja na nishani za utawala wa tsar. Hoja ilikuwa wazi: watu walio sawa hawahitaji vipande vya madini vya kuwatenganisha. Hata hivyo, mwaka haukuisha. Tarehe 16 Septemba 1918 iliundwa Nishani ya Bendera Nyekundu, na wa kwanza kuipata alikuwa Vasily Blyukher, kamanda wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Blyukher alikuja kutunukiwa Nishani ya Lenin mara mbili, akapanda hadi cheo cha marshali, kisha akafia kizuizini mwezi wa Novemba 1938, mikononi mwa dola ileile iliyomvika.

Mkanganyiko huo ulikuwamo ndani ya jambo lenyewe tangu mwanzo. Dola iliyotaka kufuta sifa za zamani ilijikuta haiwezi kuishi bila sifa, kwa kuwa vita na ujenzi vilihitaji kuonyesha mfano wa kuigwa. Mtu aliyetolewa kuwa mfano alihitaji alama, na alama ilihitaji jina. Lenin alikuwa amefariki mwezi wa Januari 1924. Jina lake halingeweza tena kubishana na yeyote. Hivyo jina la mtu aliyeongoza serikali iliyofuta nishani likawa jina la nishani kubwa kuliko zote.

3. Fani: madini na jina

Neno "nishani" limetufikia kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni alama. Maana hiyo inafaa kukumbukwa, kwa sababu alama haijisemei. Humwelekeza mtazamaji kwenye kitu kingine kilicho nje yake. Nishani ya Lenin ya kwanza ilikuwa ya fedha, ikionyesha sura ya Lenin pamoja na trekta, yaani kazi yenyewe iliyokuwa ikisifiwa. Kuanzia mwaka 1934 umbo jipya la dhahabu lilichukua nafasi hiyo, na baada ya muda mfupi sura ya Lenin ikaanza kutengenezwa kwa platini. Trekta ilitoweka. Zilibaki sura, bendera nyekundu yenye jina la Lenin, masuke ya ngano, nyota, nyundo na mundu. Mhakiki wa fani hawezi kupita hapa bila kusimama: madini yalipozidi kuwa ya thamani, picha ya kazi ilipungua. Alama ilianza kuelekeza macho kwake yenyewe.

Jambo la pili la fani ni jinsi heshima ilivyoingizwa katika majina. Taasisi iliyotunukiwa nishani iliibeba ndani ya jina lake rasmi. Kwa jina kamili, chuo kikuu kikuu cha Moscow kilikuwa Chuo Kikuu cha Serikali cha Moscow chenye Nishani ya Lenin, Nishani ya Mapinduzi ya Oktoba na Nishani ya Bendera Nyekundu ya Kazi, kiitwacho kwa jina la Lomonosov. Reli ya chini ya ardhi ya mji huohuo ilitunukiwa Nishani ya Lenin na baadaye ikapewa jina la Lenin, hata jina la mtu mmoja likasikika mara mbili katika jina la chombo kimoja cha usafiri.

Kwa mwanafunzi wa tafsiri, majina hayo ni somo. Kirusi huweka nishani katika hali ya umilikishi, bila kiunganishi chochote, mbele ya nomino inayosifiwa. Kiswahili kinamlazimisha mfasiri achague. Akitumia kihusishi -a na kusema "chuo cha Nishani ya Lenin", msomaji ataelewa kwamba chuo ni mali ya nishani. Akitumia -enye na kusema "chuo chenye Nishani ya Lenin", nishani inakuwa mali ya chuo. Sarufi ya Kiswahili inauliza swali ambalo fomula ya Kirusi iliweza kulificha: je, aliyetunukiwa anaimiliki heshima, au heshima inammiliki yeye?

Msomaji wa Kongo ana mfano ulio karibu naye zaidi. Chuo Kikuu cha Urafiki wa Mataifa kilianzishwa Moscow mwaka 1960. Mwezi wa Februari 1961, baada ya dunia kupata habari za kuuawa kwa Patrice Lumumba huko Katanga tarehe 17 Januari, chuo hicho kilipewa jina lake. Mwaka 1975 kilitunukiwa Nishani ya Urafiki wa Mataifa, na nishani hiyo nayo ikaingia katika jina. Mwaka 1992 jina la Lumumba liliondolewa. Mwaka 2023 likarudishwa. Hapana shaka kwamba wanafunzi wengi wa Afrika waliosoma pale walilipenda jina hilo kwa dhati. Hata hivyo, aliyeheshimiwa hakuwa na nafasi ya kukubali, kukataa wala kuuliza kwa nini ameondolewa. Marehemu ndiye msifiwa mtiifu kuliko wote.

4. Fanani, msifiwa na hadhira

Katika fasihi simulizi, sifa husemwa mbele ya watu. Fanani anapomsifu shujaa, wasikilizaji wanamjua shujaa huyo au wanawajua waliomjua. Wanaweza kuitikia, kuguna, kucheka, au kunyamaza kwa namna inayoeleweka. Hata katika majigambo, ambapo mtu hujisifu mwenyewe, mwenye kujigamba husimama wazi na kujiweka katika hatari ya kujibiwa. Bila hatari hiyo sifa haina uzito.

Cheo cha Shujaa kilianza kwa kutimiza sharti hilo. Tarehe 13 Februari 1934 meli Chelyuskin ilipondwa na barafu katika bahari ya kaskazini, na watu 104 wakabaki juu ya barafu hiyo kwa majuma kadhaa. Nchi nzima ilifuata habari zao kwa redio na magazeti. Marubani walikwenda na kurudi katika baridi kali mpaka watu wa mwisho walipookolewa tarehe 13 Aprili. Siku tatu baadaye cheo kiliundwa, na marubani saba wakawa wa kwanza kukipokea. Dola ilisifu, waliookolewa walikuwa hai na waliweza kushuhudia.

Ushahidi mkubwa zaidi unatoka vitani. Kati ya vyeo takriban 12,700 vya Shujaa wa Umoja wa Kisovieti vilivyotolewa katika historia yote, zaidi ya 11,000 vilihusu vita vya mwaka 1941 hadi 1945. Kama wingi peke yake ungetosha kuua heshima, vyeo hivyo vingekuwa vya kwanza kudharauliwa. Haikuwa hivyo. Karibu kila familia ilikuwa na mtu wake aliyekufa au aliyejeruhiwa, na kila mtaa ulijua vita vilikuwa nini. Hadhira ilikuwa na elimu yake yenyewe, isiyotegemea tangazo la serikali, na kwa elimu hiyo ilikubali.

Mfano wa Aleksei Stakhanov unaonyesha pale sifa inapoanza kupinda. Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Agosti 1935, katika eneo la Donbas, alichimba tani 102 za makaa katika zamu moja, mara 14 ya kiwango kilichowekwa. Mwaka huohuo akapata Nishani ya Lenin. Tendo lilikuwapo na mashahidi walikuwapo. Lakini wenzake wawili, waliokuwa wakiweka nguzo nyuma yake ili mwamba usianguke, hawakupewa nafasi katika hadithi iliyotangazwa. Mwaka uliofuata viwango vya kazi vilipandishwa katika viwanda na migodi mingi. Wachimbaji walijua vizuri kazi ya yule mwenye nyundo na kazi ya wale wenye nguzo; kujua huko hakukuwa na mahali pa kusemewa.

Sergei Korolev anawakilisha hali nyingine. Mhandisi huyo alikamatwa mwaka 1938 na kupelekwa Kolyma. Baadaye akawa kiongozi wa kazi ya maroketi. Alitunukiwa cheo cha Shujaa wa Kazi ya Kijamaa mwaka 1956, na tena mwaka 1961 baada ya Yuri Gagarin kuruka angani tarehe 12 Aprili. Gagarin alishangiliwa na dunia nzima. Jina la Korolev lilifichwa kwa sababu za usiri wa kijeshi, na wananchi walilisikia baada ya kifo chake mwezi wa Januari 1966. Sifa yake ilikuwa ya haki, lakini haikuwa na msikilizaji. Aliyemsifu ndiye aliyekuwa amemfunga, na hakuna kati ya mambo hayo mawili lililotajwa hadharani alipokuwa hai.

Upande wa pili yuko Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi ya siri, aliyevikwa Nishani ya Lenin mwezi wa Julai 1937, wakati ambapo maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wakikamatwa na kuuawa. Maneno ya kutunuku katika zama hizo yalipenda kusema kwamba mtu ametimiza vizuri majukumu aliyopewa na serikali. Fomula hiyo iliweza kumfaa mjenzi wa daraja na pia mtia saini hukumu za vifo. Yezhov mwenyewe alipigwa risasi mwezi wa Februari 1940. Lugha ya sifa inapokubali kila maudhui, imekwisha kupoteza maudhui yake.

Hapo ndipo hoja ya wingi inapokutana na kizuizi chake kikubwa, nacho ni Nishani ya Ushindi. Hakuna iliyokuwa adimu kuliko hiyo: ilitolewa mara 20 tu, kwa watu 17, wakiwamo Zhukov, Vasilevsky, na miongoni mwa wageni Eisenhower na Montgomery. Ilikuwa ya platini na almasi. Sharti lake lilikuwa kuongoza operesheni iliyobadilisha kabisa hali ya vita. Tarehe 20 Februari 1978 ilivikwa kifuani mwa Leonid Brezhnev, aliyekuwa ofisa wa siasa jeshini na kumaliza vita akiwa na cheo cha meja jenerali. Tarehe 21 Septemba 1989, miaka saba baada ya kufa kwake, tunuku hilo lilifutwa kwa kuwa lilikwenda kinyume cha kanuni. Basi iliyo adimu kuliko zote ndiyo iliyochekwa kuliko zote, na iliyotolewa kwa maelfu katika vita ndiyo iliyobaki na heshima. Uhaba haukuikinga ya kwanza. Wingi haukuiharibu ya pili.

Brezhnev alifika mpaka kwenye fasihi. Mwaka 1978 jarida la Novy Mir lilichapisha vitabu vyake vitatu vya kumbukumbu, ambavyo, kama ilivyojulikana baadaye wazi, viliandikwa na waandishi wengine. Mwaka 1980 alipewa Tuzo ya Lenin kwa ajili ya vitabu hivyo. Fanani, msifiwa na mwamuzi walikuwa wamekutana katika mtu mmoja, na hadhira ilitakiwa kupiga makofi. Kwa lugha ya wahenga, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

5. Mzaha kama uhakiki

Hadhira iliyozuiwa kujibu ukumbini ilijibu jikoni. Umoja wa Kisovieti ulikuwa na utanzu hai wa fasihi simulizi, mzaha mfupi wa kisiasa, uliosimuliwa kwa sauti ya chini kati ya watu walioaminiana. Mizaha mingi ilihusu kifua cha Brezhnev. Mmoja ulisema kwamba madaktari wanampasua ili kifua kipanuliwe, kwa maana nafasi ya kuweka nyota mpya imekwisha. Mwingine ulisema kwamba mtetemeko ulioushtua mji wa Moscow haukuwa wa ardhi: koti la Brezhnev lilikuwa limeanguka kutoka kitini.

Mhakiki asiidharau mizaha hiyo kwa sababu ni mifupi. Yenyewe ndiyo iliyokuwa uhakiki wa kweli wa nishani katika zama zake. Haikusema kwamba nishani ni mbaya. Ilisema kwamba zimekuwa uzito, chuma kinachohitaji nafasi, si alama ya jambo. Yaani ilifikia, bila nadharia yoyote, kile kilichoonekana katika fani: alama iliyoacha kuelekeza. Tena, mzaha haukumgusa rubani wa Chelyuskin kwa namna hiyo, wala askari wa Stalingrad. Hadhira ilijua kubagua. Haki ya kujibu ilipofungiwa mlango wa mbele, iliingia kwa mlango wa uani.

6. Kuvua na kukataa

Uzito wa sifa hupimwa pia inapoondolewa. Mwanafizikia Andrei Sakharov alikuwa Shujaa wa Kazi ya Kijamaa mara tatu, mwaka 1954, 1956 na 1962. Mwezi wa Januari 1980, kwa sababu ya kutetea haki za binadamu na kupinga vita vya Afghanistan, alivuliwa vyeo vyote na kupelekwa uhamishoni katika mji wa Gorky, alikokaa hadi Desemba 1986. Dola ilidhani inamshusha. Alipofariki mwezi wa Desemba 1989, umati mkubwa ulisimama katika baridi ili kumuaga. Hadhira ilikuwa imetoa heshima yake yenyewe, isiyo na madini.

Na kukataa je? Mwaka 1958 Boris Pasternak alilazimishwa na mashambulizi ya wakubwa kuikataa Tuzo ya Nobel. Hiyo ilikuwa "hapana" isiyotoka moyoni, na inalingana na "ndiyo" ya wengi waliovikwa nishani bila kuulizwa. Pale ambapo "hapana" haiwezekani, "ndiyo" haina maana. Kwa hiyo tukio la Desemba 1998 linastahili kuzingatiwa. Urusi, iliyokuwa imeurudisha Uungwana wa Mtakatifu Andrea mwaka huohuo kuwa nishani yake ya juu kabisa, ilimtunuku mwandishi Aleksandr Solzhenitsyn alipotimiza miaka 80. Aliikataa hadharani, kwa sababu ya hali mbaya ambayo watawala walikuwa wameifikisha nchi. Wengine waliona kwamba nishani mpya imeaibishwa. Yafaa kuona kinyume chake: siku ile nishani ya juu ya nchi ile ilipata kitu ambacho Nishani ya Lenin haikuwa nacho, yaani mtu anayeweza kuijibu akabaki nyumbani kwake salama.

7. Hitimisho

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo humlaumu anayesifiwa. Historia ya Nishani ya Lenin inadai methali isomwe upya, kwa maana katika kisa hiki mgema mara nyingi hakuwa na kosa. Rubani aliruka kweli, mchimbaji alichimba kweli, mhandisi alirusha roketi kweli. Aliyetia maji ni msifu mwenyewe, alipochanganya waliotenda na waliotawala katika chombo kimoja na kumkataza mnywaji kusema ameonja nini.

Katika miaka ya 1990 nishani nyingi za Kisovieti ziliuzwa kwa watalii na wakusanyaji, na bei ya Nishani ya Lenin ilihesabiwa pia kwa gramu za dhahabu na platini. Mwenye kununua alipata madini yote, wala hayakupungua. Alichokosa ni wale waliokuwapo: watu wa kwenye barafu, wenzake wawili wenye nguzo, jirani wa askari. Mtafiti wa tungo za sifa, za dola yoyote na kwa lugha yoyote, akikusanya matini yake asiishie kuandika nani amesifiwa na kwa maneno gani. Aulize pia ni nani aliyekuwa akisikiliza, na ingemgharimu nini kusema hapana.